Mwano, Nyayo na Faini: Sungusungu Walivyomsaka Mwizi wa Ng'ombe

Ng'ombe wakitolewa zizini usiku, mwenye mali hakimbilii kituo cha polisi kilicho mbali. Anapiga mwano, yowe la hatari. Jirani anaupokea, wa pili anaupeleka mbele, filimbi zinalia, na kabla jogoo hajawika vijana wenye pinde na mishale wameshashika nyayo. Hivyo ndivyo Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, walivyofanya kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma, Nzega na Kahama zikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Runzewe, ambayo sasa iko Mkoa wa Geita, nayo wakati huo ilikuwa ndani ya Kahama, kabla Bukombe haijawa wilaya.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha bunduki mitaani, na wizi wa mifugo ukageuka ujambazi. Polisi walikuwa wachache, na wanavijiji waliamini kwamba baadhi yao walikula na wezi. Basi vijiji vikaunda uongozi wao: mtemi juu, katibu wa kuandika mashauri, kamanda wa kuongoza msako.

Msako wenyewe ulikuwa wa kupokezana. Mfuatiliaji anasoma kwato kwenye vumbi, majani yaliyolala, kinyesi ambacho bado kibichi. Nyayo zikivuka mpaka, vijana wa kijiji cha mbele, wanaojua mbuga na vichaka vya kwao, wanaendelea. Mtu anayeswaga ng'ombe hutembea kwa mwendo wa ng'ombe, yowe humtangulia.

Lakini nani atoke kitandani usiku wa manane kwa ajili ya ng'ombe wa mwenzake? Hapa ndipo ulipokuwa ufundi wote. Asiyeitika mwano alitozwa faini. Akigoma kulipa alitengwa: hasalimiwi, hapewi moto, hapati msaada wa kuzika. Aliyemsaidia kwa siri naye alitozwa. Kulala kukawa ghali kuliko kukimbia.

Uingereza ya karne ya 10, enzi za wafalme wa Anglo-Saxon, ilifuata njia iyo hiyo. Haikuwa na polisi. Watu wa kila eneo, lililoitwa hundred, walitakiwa kumfuata mwizi. Aliyekataa alilipa peni 30, akirudia 60, mara ya tatu nusu pauni. Mara ya nne alipoteza mali yake yote na kuwekwa nje ya ulinzi wa sheria. Chini ya Mfalme Athelstan, chama cha ulinzi cha London kilichangisha peni 4 kwa mwanachama na kulipa fidia ya mifugo iliyoibwa, ng'ombe jike akihesabiwa peni 20. Fidia hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa aliyepoteza hakutegemea tu mwizi apatikane.

Kasoro kubwa ya Sungusungu ilikuwa baada ya kukamata. Walewale waliosaka ndio waliohoji, ndio waliohukumu. Watu walipigwa mpaka wakakiri, na wengine, hasa wanawake wazee, waliandamwa kwa tuhuma za uchawi, ambazo haziachi nyayo za kusoma. Jambo hilo halina utetezi. Hata hivyo, Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono Sungusungu hadharani kwa kuwa walilinda mali za wanyonge, na sheria ya mwaka 1989 ikawatambua kwa kuwapa uwezo wa kukamata kama askari polisi. Kuhukumu kulibaki kwa mahakama.

Runzewe ya sasa inaupa mfumo wa Sungusungu mtihani mwingine. Barabara kuu ya kwenda Rwanda na Burundi inapita hapo, na malori hayaachi nyayo mchangani. Dhahabu nayo imeleta wachimbaji kutoka kila kona. Mfugaji mwenye shamba, wakwe na makaburi ya wazee wake huogopa kutengwa. Mchimbaji anayelala kwenye turubai, akisikia dhahabu imegunduliwa kwingine, kesho anakunja virago vyake na kuondoka. Faini ya kijiji haina pa kumkamatia.