Kabla ya Kigae cha Kwanza

Nyumba nyingi za Marekani na Kanada hujengwa kwa mbao, na nyingi kati yake zina sakafu za plaiwudi iliyokazwa juu ya mihimili inayopangwa, mara nyingi, sentimita 40 kutoka mmoja hadi mwingine. Juu ya plaiwudi hiyo wenyewe hutaka bafu la vigae, na hapo fundi hutiwa majaribuni. Kigae ni kigumu, hakikubali kupinda. Plaiwudi hunepa ikikanyagwa, hufura ikipata unyevu, hunywea ikikauka. Katikati ya viwili hivyo fundi hutandika utando. Wengi humsifu fundi wa vigae kwa mistari iliyonyooka na pembe zilizokutana sawasawa. Mimi namsifu kwanza kwa namna anavyouchagua utando huo, kwani mistari hunyooshwa kwa uzi na jicho, lakini utando hauchaguliki bila kuisoma sakafu.

Yupo atakayeuliza: utando wa nini, ilhali kigae cha porselini hunyonya maji yasiyozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wake? Hesabu hiyo ni ya kweli, ila inahusu kigae peke yake. Maji hupita kwenye viungo. Grauti ya saruji ina vitundu, na hupata nyufa ndogo kila sakafu inaponepa. Yakishafika kwenye plaiwudi, maji huanza kuila pembeni, mahali ambapo tabaka zake zimekatwa na kuachwa wazi. Tabaka hizo zimegundishwa nyuzi zikipishana ili ubao usicheze sana, lakini kucheza hakukomi; ndiyo maana ubao na ubao huachiwa nafasi ya milimita 3 hivi. Sakafu ya namna hii basi ina maadui wawili, maji na mtikisiko, na dawa ya mmoja si lazima imfae mwenzake.

Hapa ndipo busara ya fundi inapopimwa. Utando wa plastiki wenye vishimo, kama Ditra ya kampuni ya Schluter, ulibuniwa kwanza kwa ajili ya mtikisiko: kitambaa cha chini hushikana na mbao, saruji hujaa vishimoni juu, na kati yake pana uhuru mdogo unaomwezesha ubao kusogea bila kukivuta kigae. Lakini ukitandikwa tu bila kuzibwa maungio yake kwa ukanda maalumu, maji yatapita katikati ya kipande na kipande. Utando wa kupaka, kama RedGard, ambao hupakwa ukiwa wa waridi na kugeuka mwekundu ukikauka, hufuata vizuri pembe na mabomba. Udhaifu wake ni kwamba unene wake umo mkononi mwa mpakaji, na mkono ukiwa mwepesi huacha vitundu. Ukumbini, mtikisiko ndio wa kushughulikiwa kwanza. Chini ya bomba la mvua, ni maji, pamoja na mteremko wa asilimia 2 hivi kuelekea tundu la kutolea maji. Anayeuliza utando upi ni bora bila kutaja chumba bado hajauliza swali.

Wazee wa kazi watasema walitandika zege nene lenye wavu wa chuma, na sakafu zao zikadumu miaka mingi. Ni kweli. Lakini chini ya zege lile walilaza karatasi ya lami, kwa hiyo nao walizitenga mbao na kilicho juu yake; walilipa kwa uzito, maana zege la sentimita 4 huongeza takriban kilo 80 kwa kila mita ya mraba. Kanuni hiyo ya kuzikinga mbao inaeleweka pia Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako mawe na chokaa hubebwa na boriti za mikoko: paa likivuja, boriti huoza, na jiwe huanguka likiwa zima.

Limebaki pingamizi zito zaidi, kwamba bidhaa huja na maelezo yake, basi kusoma kunatosha. Maelezo hayawezi kuiona sakafu. Hakuna utando unaoiponya mihimili iliyo dhaifu: kwa kipimo kinachotumika Marekani na Kanada, mhimili wa mita 3.6 usinepe zaidi ya milimita 10, na kwa vigae vya mawe ya asili, nusu yake. Fundi hodari hupima hayo kabla ya kununua chochote, na bafuni, utando ukishawekwa, huziba tundu, hujaza maji na kusubiri saa 24 kabla ya kigae cha kwanza. Kwa hiyo anayetafuta fundi asianze na bei wala rangi. Amwulize atatumia utando gani na kwa nini. Akijibiwa kwamba ni ule ule wa siku zote, aendelee kutafuta. Akijibiwa kwa swali kuhusu mihimili, amempata.