Tisa kwa Mpangilio: Kusoma Karatasi ya Wapigaji

Kikosi cha mpira wa miguu huingia uwanjani kwa pamoja. Majina kumi na moja yakitangazwa, hakuna anayeuliza kwa nini beki katajwa kabla ya kiungo. Besiboli haiko hivyo. Wachezaji tisa hupiga mmoja mmoja, kwa foleni iliyoandikwa kwenye karatasi na kukabidhiwa mwamuzi kabla ya mpira wa kwanza kurushwa. Wa tisa akimaliza, anarudi wa kwanza. Anayeingia badala ya mwingine anarithi nafasi ya aliyetoka. Karatasi ile, basi, ni maandishi yenye mwanzo, kati na mwisho, nami huisoma kama ninavyosoma diwani: nani kafungua, nani kawekwa jirani na nani, nani katupwa mwisho, na nani hayumo kabisa.

Sarufi yake ya jadi si ngumu. Wa kwanza ana mbio na subira. Kazi yake ni kufika kituoni kwa njia yoyote. Wa pili humsogeza mbele. Wa tatu ndiye mpigaji bora, na wa nne ndiye mwenye nguvu za kuwarudisha nyumbani waliotangulia. Kuanzia wa saba sauti inashuka, na enzi ninazozizungumzia hapa wa tisa alikuwa mrushaji, mtu ambaye hakuna aliyemtegemea kwa kupiga. Timu ya New York Yankees ilipoanza kuvaa namba mgongoni mwaka 1929, iligawa namba kwa kufuata foleni hiyo. Babe Ruth akapewa 3, Lou Gehrig 4. Nafasi zao katika sentensi zilishonwa kwenye jezi.

Sasa chukua timu ya nyota. Kila mmoja kwao ni wa tatu au wa nne. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hapa kuna mafahali wanane na mrushaji mmoja, na lazima mmoja wao akubali kuwa wa saba. Ndiyo maana naiona karatasi ya timu ya nyota kuwa ni kazi ya uhakiki. Kocha hana msimu mzima wa kusahihisha makosa yake. Ana mchana mmoja wa kusema nani ni nani.

Karatasi ya kwanza ya aina hiyo iliandikwa na Connie Mack kwa ajili ya mechi ya tarehe 6 Julai 1933 katika uwanja wa Comiskey Park, Chicago. Arch Ward, mhariri wa michezo wa gazeti la Chicago Tribune, ndiye aliyeibuni mechi hiyo ili iende sambamba na maonyesho ya dunia yaliyokuwa yakifanyika mjini humo. Mack, kocha wa Philadelphia Athletics mwenye umri wa miaka 70, aliiongoza American League. Aliandika hivi: Ben Chapman, Charlie Gehringer, Ruth, Gehrig, Al Simmons, Jimmy Dykes, Joe Cronin, Rick Ferrell, Lefty Gomez.

Ni karatasi ya mzee anayeheshimu kanuni. Chapman ni mwizi hodari wa vituo, kwa hiyo anafungua. Ruth na Gehrig wanakaa palepale migongo yao inaposema wakae. Simmons na Dykes, ambao Mack mwenyewe alikuwa amewauza kwa timu ya Chicago mwaka uliotangulia, wanapiga mbele ya watu wa nyumbani kwao wapya. Anayekosekana ni Jimmie Foxx, mchezaji wa Mack mwenyewe, ambaye mwaka huohuo alimaliza msimu akiwa kinara wa ligi kwa wastani wa kupiga, kwa mipira iliyovuka ukuta na kwa mikimbio aliyoileta. Foxx alicheza kituo cha kwanza, na kituo cha kwanza kilikuwa cha Gehrig. Akakaa benchi mechi nzima.

Mchezo nao ukaijibu karatasi kwa namna mbili. Mkimbio wa kwanza katika historia ya mechi hizi uliletwa na Gomez, mrushaji, wa tisa, ambaye upigaji wake ulikuwa kichekesho. Halafu katika raundi ya tatu, Gehringer akiwa kituoni, Ruth akautoa mpira nje ya ukuta: wa pili kafika, wa tatu kamrudisha, kama kitabu kinavyotaka. Wakashinda 4 kwa 2.

Mwaka uliofuata karatasi ilikuwa mikononi mwa Cronin, kijana wa miaka 27 aliyekuwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja. Kule Polo Grounds, New York, tarehe 10 Julai 1934, aliandika: Gehringer, Heinie Manush, Ruth, Gehrig, Foxx, Simmons, Cronin, Bill Dickey, Gomez. Wote tisa leo wamo katika Ukumbi wa Umaarufu wa Cooperstown. Ili Foxx apate nafasi, Cronin alimhamishia kituo cha tatu. Hakutaka kumwacha mtu nje, na katikati ya karatasi yake hakuna pa kupumulia.

Matokeo yake yanajulikana na kila mpenzi wa besiboli. Gehringer na Manush walifika vituoni. Kisha Carl Hubbell, mrushaji wa kushoto ambaye mpira wake ulipinda kinyume na matarajio ya mpigaji, akawatoa kwa straiki Ruth, Gehrig, Foxx, Simmons na Cronin, mmoja baada ya mwingine. Watu husimulia tukio hili kama ushujaa wa Hubbell, na ni kweli. Lakini tazama nani aliyemwandalia jukwaa. Kama Cronin angewatawanya wababe wake, mmoja hapa na mwingine pale, Hubbell angetoa watu wake kama kawaida na tungekuwa tumeshasahau. Ni yule aliyewapanga bega kwa bega ndiye aliyeyafanya majina matano kuwa tukio moja. American League ilishinda 9 kwa 7 siku hiyo, na wachache wanakumbuka.

Watu wa hesabu watanisuta. Katika kitabu chao The Book, Tom Tango na wenzake wanaonyesha kwamba wapigaji watatu bora wanafaa kuwa wa kwanza, wa pili na wa nne, na kwamba hata hivyo tofauti kati ya mpangilio mzuri na wa kawaida ni ndogo. Sibishani nao. Kwa msimu wa mechi mia moja na zaidi, wao ndio wa kusikilizwa. Ila mechi ya nyota huchezwa mara moja, na karatasi yake hubaki kama tamko la nani alihesabiwa kuwa bora. Tamko hilo halipimwi kwa mikimbio peke yake.

Na hapo ndipo karatasi ya Mack inaponikaba koo. Miezi miwili baada ya mechi yake, tarehe 10 Septemba 1933, katika uwanja uleule wa Comiskey Park, nyota wa ligi za Weusi walicheza mechi yao ya kwanza ya Mashariki na Magharibi. Waliochaguliwa walipigiwa kura kupitia magazeti ya Weusi, yakiwemo Chicago Defender na Pittsburgh Courier. Magharibi ilishinda 11 kwa 7. Willie Foster alirusha raundi zote tisa, na Mule Suttles akauvusha mpira ukuta. Udongo uleule, umbali uleule kati ya vituo, karatasi mbili zisizoweza kuchanganywa. Josh Gibson, mdakaji wa miaka 21 wakati huo, alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajavuka mpaka. Kocha aliyemshambulia Robinson kwa matusi ya ubaguzi wiki chache tu za mwanzo alikuwa Ben Chapman. Ndiyo, Chapman yuleyule: jina la kwanza kwenye karatasi ya kwanza ya Mack.

Mei 2024 takwimu za ligi za Weusi ziliunganishwa na za ligi kuu, na Gibson akawa kinara wa wakati wote kwa wastani wa .372, mbele ya Ty Cobb mwenye .367. Tangu hapo ni rahisi kumtaja Gibson kwenye kila timu ya ndoto na kujisikia tumelipa deni. Mimi nauliza swali la kocha: atapiga wa ngapi? Orodha inaweza kurefushwa bila kumuudhi mtu. Foleni ya tisa haina ukarimu huo. Akiingia mmoja, mwingine anasogea au anatoka. Ndivyo ilivyo pia kwa silabasi zetu za fasihi, ambako mwandishi aliyesahauliwa huongezwa wiki ya mwisho, wakati wa marudio, bila mtu kuguswa kwenye nafasi yake.

Basi nami niandike yangu, kwa wachezaji wa mwaka 1933: Cool Papa Bell, Gehringer, Ruth, Gibson, Gehrig, Foxx, Simmons, Willie Wells, Foster. Bell, aliyesifika kwa mbio, anafungua, na Chapman hayumo. Foxx anakwenda kituo cha tatu, hilo nimelikopa kwa Cronin. Wa nne ni Gibson. Gehrig anashuka hadi wa tano, na namba 4 iliyo mgongoni mwake, kwa mchana mmoja, haitasema ukweli.