Gumegume za sikukuu: bei ni ndogo, lakini nani anajibu?

Katika kijitabu hiki tumezoea kusifu. Tunasifu ngoma, tunasifu vikapu, tunasifu wazee wenye kujua majina ya mito yote. Leo tunaomba ruhusa ya kulalamika. Kuna kitu kimoja cha desturi ambacho sisi wenyewe tunakinunua vibaya, na wenye kutuuzia wanatuuzia vibaya vilevile. Ni bunduki ya jiwe, gumegume, ile ambayo vikundi vyetu vya ngoma vinaibeba siku ya kumkumbuka mfalme ao ya kumzika mkubwa wa jamaa.

Za kweli zimebaki chache. Nyingine zimelala katika nyumba za makumbusho za Ulaya, nyingine zimeliwa na kutu chini ya vitanda. Kwa hiyo tunakomanda nakala. Miaka michache iliyopita tulikomanda nne katika atelye moja ya hapa Lubumbashi, dola sitini kwa kila moja, nusu tukaitoa kama avansi. Tuliambiwa majuma mawili. Zilikuja kiisha miezi mitatu.

Kwa mbali zilikuwa nzuri, hatukatai. Weusi wake uling'aa, misumari ya shaba ilipangwa vizuri kwenye kitako. Kwa karibu njo tuliona mambo. Mti ulikuwa mbichi. Mvua haijanyesha mara mbili, ukapasuka toka kitako mpaka kwenye mtambo. Nyundo yenye kushika jiwe haikukaa nyuma: ukiivuta inarudi yenyewe kama mlango usio na kitasa. Na mtutu ulikuwa tiyo ya mayi, ile yenye mshono mrefu ndani, iliyozibwa nyuma kwa kuunguzwa na posti ya soda tu. Tulipozirudisha, kijana wa atelye hakuzigusa hata. Alisema: «Ba papa, mulisema ya kucheza. Hamukusema ya kulia.»

Jibu hilo lilituuma kwa sababu lilikuwa na ukweli nusu. Hatukusema. Kati yetu wenyewe hatukuwa tumepatana: mzee wetu mmoja alitaka bunduki ilie na itoe moshi, maana kwake mfalme hakumbukwi kimya, vijana walisema sura inatosha, watu wanakuja kupiga picha. Tulikomanda bila kumaliza mabishano hayo, kiisha tukamulaumu fundi. Lakini nusu ile ingine ni yake. Mwenye kuuza kitu chenye sura ya bunduki katika inchi ambayo baruti inapatikana, anajua vizuri kwamba siku moja mtu atajaribu. Na alijaribu. Kijana wetu mmoja alitia baruti kidogo ndani kwa siri, aone tu. Tiyo ilifunguka kwenye mshono kama ganda la karanga. Alipoteza ncha ya kidole cha mkono wa kushoto, na tunamshukuru Mungu kwamba alikuwa ameigeuza sura pembeni. Kwenye atelye walituambia tuende kumuuliza aliyetia baruti.

Watu wengine wanatufariji wakisema: hata babu zetu waliuziwa takataka. Ni kweli kwa sehemu. Katika miaka ya 1760 mkubwa mmoja wa Uingereza, Lord Shelburne, aliandika juu ya bunduki ambazo Birmingham ilitengeneza kwa ajili ya Afrika, kwamba zaidi ya nusu zingepasuka katika mkono wa mtu wa kwanza kuzipiga. Birmingham ilipata nyumba yake ya kujaribia mitutu kwa sheria ya mwaka 1813. Liège, kule Ubelgiji, ilikuwa na amri ya kujaribu mitutu tangu 1672, lakini mafundi wake walitengeneza pia za bei ya chini kabisa kwa biashara ya Afrika, na wengine waliandika juu yake «Tower», alama ya Waingereza, ili zipate soko. Basi hata ile ya babu mara nyingi ilikuwa nakala. Kiisha ikaja mapatano ya Bruxelles ya mwaka 1890: kati ya digri 20 za kaskazini na 22 za kusini, mtu mweusi wa kawaida aliachiwa tu bunduki ya jiwe isiyo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya biashara. Wakati ule Wazungu walikuwa tayari na bombomu ya Maxim. Ule uzee wa gumegume ambao leo tunauita desturi, sehemu yake uliandikwa mezani Bruxelles.

Lakini tusidanganyane. Babu hawakuwa wajinga sokoni. Wafanyabiashara wa pwani ya magharibi walilalamika mara nyingi kwamba wanunuzi wanakataa bunduki isiyofanana na ile waliyoizoea, hata kama ni nzuri. Na hapa kwetu Msiri alikuwa na njia mbili: ya mashariki, ya Waswahili wa pwani, na ya magharibi, ya watu wa Bihe wenye kufika mpaka Benguela. Mwenye milango miwili hauziwi kwa nguvu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia kila mwaka kupitia pwani ya mashariki. Katika wingi wa namna ile mtu anaweza kuchagua. (Hamed bin Muhammed mwenyewe tunamwita Tippu Tip, na wengine wanasema jina hilo ni mlio wa bunduki zake, wengine wanasema ni kupepesa kwa macho. Sisi tunapenda lile la kwanza, lakini hatuna ushahidi zaidi ya masikio.)

Sisi wa leo njo tumepoteza macho ya kuchagua. Tunatazama rangi. Hatuingizi kidole ndani ya mtutu kutafuta mshono. Hatuulizi kama nyuma kumezibwa kwa skrubu iliyokatwa meno ao kwa kuunguza tu. Hatugongi jiwe tuone cheche, kumbe kile chuma kinachogongwa na jiwe kama hakikupikwa kikawa kigumu, hakitoi cheche hata ukigonga mpaka jioni. Hata huko Marekani na Ulaya, wenye kuigiza vita vya zamani wana shida hii hii: nakala za bei nafuu kutoka India mara nyingi zinauzwa bila tundu la kuwashia, kusudi zihesabiwe kuwa pambo, na mnunuzi anabaki na kazi ya kutafuta nani ajaribu mtutu na nani aupike ule chuma. Tofauti ni kwamba mwuzaji mwema kule anaandika wazi: hii ni pambo. Hapa kwetu hata resi tulipewa yenye neno moja tu, «bunduki».

Na neno hilo si dogo. Kwa sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi, kubeba bunduki kunahitaji ruhusa. Polisi wa bariyeri haijui ngoma yetu. Anaona mtutu, anasoma resi, kiisha tunakesha pale. Ilitupata. Mwenye kuuza vitu hivi angetupa karatasi yenye kusema ni nini, imezibwa namna gani, ya kikundi gani. Karatasi haina bei kubwa.

Hatusemi mafundi wote. Tuliendea mzee mmoja mhunzi, mbali na muji, tukamwonyesha zile tatu zilizobaki. Alizitazama bila kucheka. Hakuuliza kwanza pesa. Aliuliza: «Bana bangu, siku ile nani atasimama karibu yake?» Tulipojibu kwamba ni watoto wa ngoma, alisema basi hazitalia kamwe, na yeye mwenyewe atajaza mitutu chuma mpaka mtu asiweze kuifungua. Moshi, alisema, mutafute kwa moto wa majani. Mzee wetu aliyetaka mlio alinuna, lakini hakubisha, alikuwa ameona kidole cha kijana.

Mhunzi alitaka dola kumi na tano kwa kila moja na kipande cha resori ya kamyo kwa ajili ya mitambo, ili nyundo ikae nyuma. Resori tumeipata Kenya, kwenye soko. Mti mkavu bado tunautafuta.