Kijiti Mkononi mwa Wenyewe

Ramani ya maafa ninayoiheshimu kuliko zote huchorwa chini, kwa kijiti, penye kivuli cha mwembe. Mstari wa majivu ni barabara, kokoto ni nyumba, jani la mkoko ni mikoko yenyewe. Hufutika kwa kiganja, kwa hiyo hakuna anayeona haya kusema, "Hapo si hapo, sogeza."

Mkoa wa Tanga umeizoea kazi hii. Mwaka 1994 programu ya hifadhi ya pwani ilianza kwa kukaa na watu wa vijiji kama Kigombe, Mwambani na Kipumbwi, wenyewe wataje shida zao kabla ya mtaalamu kutaja yake. Baadaye serikali ikaleta utaratibu wa kupanga uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Nalipenda jina hilo kwa mpangilio wake: kijiji huulizwa kwanza kina nini, ndipo kiulizwe kinasumbuliwa na nini.

Ustadi wa mwezeshaji anayewaongoza wanakijiji kuchora uko katika swali. Akiuliza, "Mna hatari gani hapa?" atapewa hotuba. Aliyebobea humgeukia aliyenyamaza: "Bibi, ile bamvua kubwa, maji yalifika wapi?" Bibi hajibu kwa maneno mengi. Huinuka, hutembea hadi kwenye kokoto ya tatu, na kuigusa kwa kidole cha mguu. "Hapa, mjukuu wangu. Mafiga yote yaliloa." Kwa jibu hilo pamepatikana kipimo ambacho hakimo katika daftari la ofisi yoyote.

Kisha wanaume na wanawake huchora mbalimbali, na hapa ndipo penye utamu wa kazi. Wanaume huweka diko, mkondo, mwamba, mahali pa kujificha dau kusi likichafuka. Wanawake huweka kisima kilichoanza kuingia chumvi, njia ya kwendea pweza maji yakitoka, nyumba ya mzee asiyeweza kutembea na jirani mwenye ufunguo wake. Ufunguo huo sijauona katika mpango wowote uliochapwa, ilhali usiku wa mafuriko una thamani kuliko magunia ya mchanga.

Mara nyingi kitu kimoja hudai kuwekwa pande mbili, wa fursa na wa kikwazo. Mikoko huvunja nguvu ya wimbi, tena ndiyo kuni na boriti; ikikatwa ovyo, ukuta umebomolewa na wenye nyumba. Kwa miaka mingi kivuko cha Pangani kilikuwa uhai wa watu wa Bweni, kwa kuwa hospitali ya wilaya iko ng'ambo ya mto. Mto ukichafuka, uhai huohuo ulikuwa shaka. Mwezeshaji mwenye haraka hulazimisha upande mmoja. Mwenye subira huacha jiwe mpakani na kungoja wabishane.

Nao wazee wa Pangani hawakosi kulitaja Maziwe. Lilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 miti iliisha, bahari ikalimeza, na leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kasa bado huja, na mayai yao huhamishiwa ufuko wa Ushongo yasioze kwa maji. Aliyeshuhudia kisiwa kikiondoka haambiwi na mtu kwamba ufuko husogea. Yeye ndiye wa kuulizwa kijiti kipite wapi.

Kuchora kukiisha, wote huitembea ile ramani, na mwezeshaji hodari huchagua siku ya bamvua, maji yawe shahidi. Hupita ukuta wa bahari, hupita minazi iliyobaki mizizi nje, hufika kisimani. Mama aliyekiweka kwenye ramani huteka, humpa mwezeshaji kata. Naye huonja, humeza, ndipo huandika.