Bati Linalovuja Bila Mvua

Mwezi wa saba Kemondo hakuna mvua ya maana. Ni kyanda, kiangazi cha Buhaya. Usiku nyota zimejaa na upepo wa ziwani unapenya hadi kwenye mifupa. Hata hivyo, alfajiri, katika nyumba nyingi za bati utasikia tone likidondoka juu ya chandarua. Mwenye nyumba anaamka na hasira, anamwita fundi. Fundi anapanda na kopo la lami, anaziba kila tundu la msumari, anachukua chake. Kesho yake alfajiri tone linadondoka palepale.

Bati hilo ni zima, ila linatoka jasho. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto kwenda angani haraka kuliko hewa inayolizunguka, na kwa kuwa unene wake haufiki nusu milimita, halina akiba ya joto. Ikifika saa kumi na moja alfajiri limepoa kuliko chumba. Chini yake, tuseme, wamelala watu sita. Kila mmoja hutoa mvuke kwa pumzi na kwa ngozi, takriban gramu 40 kwa saa. Zidisha kwa watu sita na saa nane, unapata karibu lita mbili za maji. Sehemu ya mvuke huo inapanda, inagusa bati, inageuka matone, na matone yanateremka kwenye mifuo hadi yakutane na mbao ya papi. Hapo ndipo yanapodondoka.

Kulitambua jasho ni rahisi. Panda juu ya meza kabla ya jua kuchomoza, upitishe kidole chini ya bati mbali na msumari wowote. Ukikuta bati zima lina maji, hilo ni jasho, na lami haitasaidia kitu. Likipigwa na jua saa tatu hivi litakauka lenyewe. Tundu linalovuja huacha doa la kahawia mahali pamoja, na doa hukua kila inyeshapo. Fedha nyingi za matengenezo hupotea kwa kuchanganya mambo haya mawili.

Baridi ya Kemondo haifanani na ya Makete, ambako umande wa asubuhi huweza kuganda kwenye majani. Karibu na Bukoba nyuzi za usiku huzunguka 16 na 17, na mwezi na mwezi hazitofautiani sana. Tatizo letu ni maji. Ziwa Viktoria hubaki na uvuguvugu mwaka mzima, na usiku mawingu hujijenga juu yake. Pepo za mashariki huyasukuma kuja huku kwetu magharibi, ndiyo maana mvua yetu hupenda kupiga usiku wa manane kuelekea asubuhi. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukipanda kwenda Karagwe kiasi hicho hupungua hadi kama nusu. Kwa hiyo anayeiandaa nyumba ya Kemondo kwa ajili ya baridi ajue kwamba anapambana na unyevu.

Wazee waliliona hilo zamani, na jibu lao lilikuwa mushonge, nyumba ya msonge ya Wahaya. Kwa fundi wa leo jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba haina ukuta. Paa linaanza kileleni na kuishia ardhini. Mifupa yake ni miti na matete yaliyofungwa kwa pete, pete juu ya pete, na juu ya mifupa hiyo kunalala nyasi kwa unene wa kutosha kuficha mkono hadi kiwiko. Ukuta wa udongo unaopigwa na mvua ya upande humomonyoka. Wao waliliondoa tatizo kwa kuondoa ukuta.

Nyasi zinazuiaje maji ilhali zina matundu kila mahali? Kwa mwinuko. Paa la nyasi likisimama nyuzi 45 au zaidi, tone linashika unyasi mmoja, linateleza hadi ncha yake, linarukia unyasi wa chini, na kabla halijapata nafasi ya kuzama ndani limeshafika chini. Sentimita chache za juu ndizo zinazolowa. Zilizobaki ni kavu, na zimejaa hewa iliyotulia. Hewa iliyotulia ndiyo blanketi. Ndani hakuna uso wa baridi ambao mvuke unaweza kuugusa ukageuka tone. Ukilaza paa hilohilo kidogo tu, maji yanasimama na nyasi zinaoza misimu michache baadaye. Vibanda vingi vya kisasa vya kitalii vinavyojengwa kwa nyasi huharibika kwa sababu hiyo: mjengaji aliipenda sura ya msonge akasahau mwinuko wake.

Hata hivyo nyasi na mwinuko visingetosha bila moto. Msonge haukuwa na dohani. Mafiga yalikuwa ndani, na moshi ulipanda taratibu ukatokea katikati ya nyasi zenyewe. Ulipokuwa ukipita ulikausha nyasi kutoka ndani, ukafukuza wadudu, ukapaka miti masizi ambayo mchwa hawayapendi. Kuni zilizowekwa juu ya uchaga zilikauka humohumo. Mifugo ililala ndani pia, nayo inatoa joto. Nyasi zilizotandikwa sakafuni zilimkinga mtu na ubaridi wa ardhi, na zikichakaa zilibadilishwa. Matengenezo ya nyumba, kwa maneno mengine, yalifanyika kila siku mama alipopika. Msonge ulioachwa bila mtu wala moto ulianza kuoza mara moja.

Watu wa pwani hii wana historia ndefu na joto na hewa. Kemondo yenyewe ina mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za karibu miaka 2,000 iliyopita. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 katika jarida la Science kwamba mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate joto kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo la hewa kupashwa moto, na ubishi ulidumu miaka. Vyovyote iwavyo, waliozijenga walijua kwamba njia ya hewa ni sehemu ya ujenzi.

Moto wa msonge ulikuwa na gharama zake. Moja ni wazi: ng'ambo ya ziwa, huko Kasubi, Kampala, nyumba kubwa ya nyasi ya Muzibu Azaala Mpanga, ndugu wa msonge wetu, iliteketea usiku wa 16 Machi 2010. Ya pili huua polepole. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 kutokana na moshi wa ndani ya nyumba, na waliokaa karibu na mafiga ni mama na watoto. Sitaki kusikia mtu akiutamani msonge bila kuyataja macho mekundu ya bibi yake.

Fedha ya kahawa ilileta bati, tofali na chumba chenye pembe nne. Jiko likahamia nje, na hilo ni jema. Lakini lilipotoka liliondoka na kazi yake ya kukausha, na kazi hiyo haikupewa mtu. Nyumba mpya ina ukuta unaopigwa na mvua, paa lisilo na blanketi, na madirisha yanayofungwa jioni kwa hofu ya baridi na mbu. Halafu tunauliza kuvu za nyuma ya kabati zimetoka wapi.

Basi nyumba ya bati ipewe ilichonyang'anywa. Cha kwanza ni dari, hata ya matete yaliyosukwa, mradi pawe na nafasi ya hewa kati yake na bati. Nafasi hiyo ipumue: matundu yenye wavu kwenye pembetatu za ukuta, upande huu na upande wa pili, ili mvuke unaopenya utoke kabla ya alfajiri. Watu huziba matundu haya wakidhani wanazuia baridi. Kwa kweli wanafungia maji ndani. Dirisha la chumba cha kulala liachwe na mwanya juu hata usiku wa baridi, wavu wa mbu ukiwa mzima. Kitanda na kabati visigusane na ukuta wa nje.

Halafu miguu ya nyumba. Piga hesabu: paa la mita 8 kwa 10 lina eneo la mita 80 za mraba, na kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50, ambayo Kemondo wakati wa masika haimshangazi mtu, inamwaga lita 4,000 ukingoni mwa paa hilo. Bila gata, maji hayo yanachimba mtaro chini ya ukingo, yanarusha tope ukutani, na tofali za chini zinayanyonya yakapanda ndani ya plasta. Gata iteremke kidogo kuelekea simtanki, isafishwe majani kabla ya vuli na tena kabla ya masika, na bati litokeze vya kutosha nje ya ukuta. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, kwa kuwa yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Nyufa nazo zisisahauliwe. Tetemeko la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliikuta Kagera ikingojea mvua za vuli. Nyumba nyingi ambazo hazikuanguka zilibaki na nyufa zilizopakwa chokaa juu juu. Ufa wa namna hiyo ni mdomo wa kunywea maji. Unapaswa kuchimbuliwa, kusafishwa na kujazwa saruji, na ukiwa unakata kona kwa mshazari, aitwe fundi wa kuangalia lenta na msingi kabla ya kufikiria rangi.

Wako wanaouliza kwa nini tusirudishe nyasi juu ya mabati. Nyasi zilitoka rweya, mbuga wazi kati ya vijiji, na sehemu ya rweya leo ina mikaratusi na misonobari. Kupata nyasi ndefu za kutosha paa zima ni kazi na gharama. Nyasi kidogo, zikiwa kavu na zimesukwa mkeka wa dari mbali na jiko, bado zinapatikana. Mwenye fedha za kazi moja tu mwaka huu, naye anapima kati ya rangi ya nje na dari ya chumba wanacholala watoto, aanze na dari.