Subira Iliyo Ufundi

Kanombe, jijini Kigali, wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili walianzisha kituo wakakiita Izere Mubyeyi, maana yake kwa Kinyarwanda: mzazi, uwe na matumaini. Matumaini hayo hubebwa na walimu na walezi wa watoto hao. Hongera zao! Huruma pekee haitoshi; kazi yao inataka ufundi. Kufunga vifungo vya shati hugawanywa katika hatua ndogo ndogo. Hatua moja hurudiwa hadi ikae mkononi, ndipo ije nyingine. Asiyesema husomwa macho, hupewa ishara na picha. Anayelia kwa hasira haadhibiwi. Hutafutwa kinachomsumbua: njaa, maumivu, au makelele ya chumba. Kijana wa miaka 20 hatendewi kama mtoto. Subira huvuta heri. Kwa walimu na walezi hawa, subira husomewa.