Neno "Majinuni" na Maana Zake

Katika maneno ya Kiarabu yaliyopokewa na lugha nyingi, limo neno majnun, ambalo kwa Kiswahili ni majinuni. Asili yake ni jim na nun mbili, herufi zenye maana ya kufunika au kusitiri. Ndizo zilizozaa na jini, kiumbe asiyeonekana. Basi majnun ni mtu aliyeingiwa na jini. Katika Kurani ni tusi ambalo wapinzani walimtupia Mtume, nalo lakanushwa.

Lakini tusi hilo likageuka kuwa lakabu ya sifa. Husimuliwa ya kuwa Qays, wa kabila la Banu Amir katika Bara Arabu, alimpenda Layla. Baba yake Layla alipoikataa posa, Qays akaenda nyikani, akakaa na wanyama akitunga mashairi, na watu wakamwita Majnun. Mwaka 1188 Nizami wa Ganja aliitunga hadithi hiyo kwa Kiajemi, na katika karne ya 16 Fuzuli akaitunga kwa Kituruki. Katika lugha hizo jina likawa la mtu aliyezama katika pendo moja, asitake jingine. Waajemi hata mwerebi uinamishao matawi yake wauita mwerebi wa Majnun. Huko Bara Hindi neno limeshuka tena: kijana afuatafuataye wasichana njiani hudhihakiwa kwa kuitwa majnu.

Na kwetu je? Twasema majinuni tukikusudia mwendawazimu ama mpumbavu, pendo halimo. Wala maana ya kuingiwa na jini haikuwa ngeni, kwa kuwa neno letu wenyewe, wazimu, ni ndugu ya mzimu na mizimu.

Kwa hiyo hatukubaliani na mfasiri ambaye, akikuta jina la Qays katika mashairi hayo, aandika "mwendawazimu" na kuendelea. Msomaji wake atamhurumia mgonjwa, asijue ya kuwa washairi wale walimsifu mwenye kupenda. Wala "majinuni" haitoshi, maana kwetu yaleta kicheko. Twaona yafaa jina Majnun liachwe kama lilivyo, lielezwe mara ya kwanza. Na watunga kamusi, wakitaja asili ya majinuni, waonyeshe pia maana ya pendo iliyobaki njiani. Neno la kuazima halifiki na mizigo yake yote, na afasiriye hana budi kujua ni upi uliosalia.